Wifi na Gamba la Kamba

Shoga, nimejifungia bafuni, sijui nicheke au niogope!

Wifi kachungulia lile tangi langu la kamba wa maji baridi, akaona gamba tupu alilojivua kamba alfajiri limelala chali. Akapiga ukelele: "Wifi, nimemuua kamba wako! Nilimpa mkate!"

Kamba mwenyewe mzima, kajificha chini ya jiwe. Nikainamisha kichwa kama mfiwa!

Basi akadeki nyumba nzima. Wifi! Yule asiyeosha hata kijiko! Akapika, akafua mpaka mapazia.

Mara kaka yake akarudi kutoka kazini, akachungulia tangi: "Mke wangu, kamba wako kajivua gamba tena?"

Wifi akanigeukia. Nikatimua mbio.

Sasa anagonga mlango polepole: "Wifi yangu kipenzi, njoo ule, chakula kinapoa."

Kipenzi! Hajawahi kuniita hivyo. Sitoki.