Taa ya Kijani Kitandani kwa Shangazi

Jumatatu, 4 Machi
Vitufe vya kuita wauguzi vimefungwa wodi nzima! Programu nimeandika mimi, nyaya nimevuta mimi. Mgonjwa anabonyeza, namba ya kitanda chake inatokea kwenye skrini ya wauguzi. Hakuna kelele wala mbwembwe. Muuguzi mkuu kasifu utulivu. Nimevimba kichwa kidogo — leo ruhusa. Shangazi aliyenilea yumo humo humo, kitanda cha dirishani, nyonga imetiwa chuma. Amekatazwa kusimama peke yake.

Jumatano, 6 Machi
Shangazi kaanguka! Alikuwa anakwenda chooni peke yake. Mshono umeshikilia, Mungu mkubwa. Anasema alibonyeza mara tatu, kama anayepiga hodi, hakuitikiwa. Na hodi ya tatu ikikosa jibu, mwenye adabu huondoka zake. Mtambo wangu, anasema, haukulelewa. Nilicheka, nikatoka nje nikalia.
Muuguzi mkuu anaapa alimwona kwenye skrini, alikuwa njiani. Kumbe alisikika! Ila hakuna kilichomwambia Shangazi kwamba amesikika. Na yule kijana wa mguu uliovunjika, kitanda cha pili, kimya hicho hicho kinamfanya abonyeze bila kukoma mpaka wauguzi wamemchoka.

Alhamisi, 7 Machi
Dawa yake rahisi. Taa ya kijani juu ya kila kitufe: ukibonyeza, inawaka. Nimemaliza kabla ya chakula cha mchana! Kijana kabonyeza mara moja tu, katulia kama maji mtungini. Shangazi kapiga kigelegele — sasa mtambo unajua kusema karibu. Muuguzi mkuu kanitania: mgema akisifiwa... Asinitishe. Kazi imekamilika.

Jumamosi, 9 Machi
Nimekuja kumwona Shangazi, naandika kando ya kitanda. Mguu umeanza kumchoma ghafla. Kabonyeza, taa imewaka. Nilipotaka kwenda kumwita muuguzi, kanishika mkono. Niache papara, wameshasikia, taa si hiyo? Kafumba macho, anasubiri.
Mimi naitazama taa. Inawaka kitufe kikibonyezwa, basi. Haijui kama skrini kule imezimika. Haijui kama kuna mtu mbele ya skrini hiyo. Ndivyo nilivyoiandika.
Ukumbini hapasikiki hatua. Taa ya kijana inawaka. Ya mzee wa mlangoni pia. Karibu wodi nzima! Na wote wametulia kama maji mtungini.
Kiganja cha Shangazi kinazidi kuwa cha moto. Nikijitoa anakaza vidole — nikae, nisimwaibishe kwa wauguzi, wanakuja —