Konokono wa Changamwe Ndani ya Friza

Mama Salma,

Naogopa. Nimeanza na hilo kwa sababu nikijiachia nitaanza na Rotterdam, ama na ile siku niliyompikia balozi biriani akaomba sahani ya tatu, na karatasi itaisha kabla sijasema nilichokalia kiti hiki kukisema. Naogopa, mke wangu. Mimi Mbwana, niliyevuka bahari zote kwenye meli za watu, niliyewahi kugombana kwa Kireno bila kujua Kireno, na nikashinda. Leo mlango wa nyumba ukigongwa, naketi kitako sakafuni nyuma ya kochi.

Usicheke. Najua unacheka.

Tangu tulipokuacha makaburini kule Richmond Hill, na ardhi ilivyokuwa ngumu siku ile hata ikabidi ichimbwe kwa mashine, mambo hapa Parkdale ni yale yale na si yale. Lifti bado mbovu. Jirani wa juu bado anaburuta sijui nini, nadhani ana ng'ombe. Salma anataka nihamie kwake. Nimemwambia huko kwenu kila mtu ana garaji lake na kimya chake, mimi nitabishana na nani? Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba nitabishana naye. Moyo ukanilainika, lakini nikakataa.

Meza yako sijaigusa. Lenzi iko pale pale, na ule mswaki wa kusugulia mawe pia. Asubuhi moja nilikuwa na usingizi nikauchukua huo badala ya wangu. Nimesugua meno kwa vumbi la zama za Jurasiki, Mama Salma. Nikasema haya, sasa na mimi nimeingia kwenye historia. Nikageuka nikuambie.

Basi. Mawe.

Unajua mimi sikuwahi kuyapenda hivyo ulivyodhani. Nilikuwa napenda kukutazama ukiyapenda. Ulikuwa ukirudi kutoka kazini, kwa wazee wako wa kutunza, kutwa nzima umewaogesha na kuwageuza kitandani, mgongo umekatika, lakini ukiketi na jiwe lako na lenzi unakuwa msichana wa Changamwe tena, yule aliyekuwa akishuka nyuma ya reli walipokata kilima, na nyanya yake akimfokea aache kuokota konokono wa Nabii Nuhu. Hukuacha. Kila likizo ukienda nyumbani unarudi na wengine. Yule afisa wa uwanja wa ndege ulimwambia mwenyewe, kwa mdomo wako, kwamba haya ni mawe, konokono wa kale. Akacheka. Achari yako ndiyo aliyoikamata, mawe akakurudishia. Tukakasirika wiki nzima kwa ajili ya achari.

Nayakumbusha hayo kwa sababu ndiyo ninayojisemea kila siku ili nilale.

Baada ya arobaini yako, wale wenzako wa chama cha wapenda mawe walinialika kwenye mkutano wao, kule Downsview, kwenye ule ukumbi ulio mgongoni mwa maghala. Walitaka kukukumbuka. Wamefanya vizuri, wallahi. Bibi Doreen alisimama na mkongojo wake akaeleza ulivyomwonyesha mbavu za amonaiti, hao konokono wako wa kale, zinavyopanuka na kugawanyika mbili mbili ukingoni, na jinsi ulivyobishana naye mwezi mzima juu ya jina la mmoja, na mwisho yeye ndiye aliyekuwa amekosea. Nikalia pale mbele za watu. Halafu nikaona nimelia sana, nikaanza kujisifu kuziba. Nikawaambia mke wangu ana mkusanyiko mkubwa kuliko wao wote, wa Jurasiki tupu, kutoka Mombasa, hakuna mwenye mfano wake Kanada hii.

Mzee mmoja mwenye ndevu, mtu mpole tu, hana neno, akasema habari nzuri, ila siku hizi nchi nyingi zinakataza kutoa visukuku, viumbe wa kale waliogeuka mawe, bila ruhusa ya serikali, mtu anaweza kushtakiwa. Akaniuliza, "Kibali alikuwa nacho, siyo?"

Nikamwambia vibali tele. Vina mihuri.

Mama Salma, kituo cha basi nilifika nikijiuliza. Kibali gani? Ulikuwa umeokota mawe nyuma ya reli. Nani Changamwe anaomba kibali cha kuokota jiwe? Lakini nikamwomba kijana wa Salma anitazamie kwenye simu, na ni kweli. Sheria ipo nyumbani, na ni ya siku nyingi. Vitu hivyo ni mali ya taifa. Na mimi maombi yangu ya uraia bado yako mezani kwa watu, nangoja kuitwa kuapa. Nikaona kila kitu. Nikaona polisi wawili mlangoni, nikaona Salma anatafsiri, nikaona jina lako kwenye gazeti pembeni ya neno mwizi, na wewe huna mdomo wa kujibu. Hilo la mwisho ndilo lililonishinda. Mimi wakinirudisha nitarudi, nitafungua mkahawa. Lakini wewe hakuna atakayekuuliza.

Nikaanza kuficha. Nimeyaosha yote kwanza, kwa maji na sabuni, nitoe udongo wa Changamwe, maana niliona kwenye televisheni udongo ni ushahidi. Kisha nikayaweka kwenye friza, chini ya samaki. Kesho yake mlango ukagongwa. Nikafikiri, friza ndipo mahali pa kwanza pa kutazama, hata mtoto anajua. Nikayatoa mbio nikayasukuma ndani ya oveni, ndipo nikafungua. Ni yule jamaa wa jengo, amekuja kukagua king'ora cha moshi. Akaniuliza kwa nini nahema. Alipoondoka nikaogopa nitasahau niwashe oveni, nikayarudisha kwenye friza. Jioni ambulensi ikapita na king'ora, nikayatoa tena. Ndivyo nilivyoishi, friza, oveni, friza, oveni, na mapaja ya kuku yakinishangaa.

Unamkumbuka Kiazi? Lile jiwe la mviringo ulilokataa kulipiga nyundo. Ulikuwa ukilipima mkononi, unasema, "Yumo humu, Baba Salma, namsikia," na mimi nakuambia mpe nyundo atoke, na wewe unasema ukikosea pigo moja umemuua mara ya pili. Miaka mingapi tumekaa na Kiazi dirishani. Basi siku moja nimelitoa kwenye friza, limelowa, barafu imetengeneza ndevu juu yake, nalipeleka oveni kama desturi, likaguna. Wallahi liliguna. Likafunguka mikononi mwangu vipande viwili, taratibu, kama andazi.

Alikuwamo.

Mzima, Rehema. Amejikunja kama ulivyosema, kila ubavu mahali pake, na katikati kabisa, pale alipoanza kuwa mtoto, anang'aa kama ndani ya ganda la kome. Nikaketi chini jikoni. Nikachukua lenzi yako nikahesabu mbavu kama nilivyokuona ukihesabu, nikatazama zinavyogawanyika ukingoni, mbili, mbili, mbili. Nikajua ni wa ukoo ule ulioubishania na Doreen. Mimi, niliyeacha shule darasa la saba kwa sababu ya mwalimu na fimbo yake. Bibi Doreen aliniambia baadaye kwamba hata wataalamu hufanya hivyo, hulowesha jiwe na kuligandisha na kuliyeyusha mpaka lijifungue lenyewe. Wao hufanya kwa elimu. Mimi nimefanya kwa woga.

Sasa niambie, mdomo huu wangu, uliowahi kuwasimulia watu wa forodha hadithi mpaka meli ikachelewa, ungewezaje kukaa na kitu kama hicho? Nilijaribu. Mkutano uliofuata nikamfunga Kiazi kwenye soksi nikaenda. Njiani nikapanga. Nitasema nimemwokota hapa hapa, bondeni mwa mto Humber, nikitembea. Hivyo wanamwona, wanashangaa, na wewe hutajwi, na hakuna kibali cha mtu yeyote. Nilijiona mwerevu sana kwenye tramu.

Wakamzunguka. Mzee wa ndevu akavua miwani. Nikaanza kueleza nilivyoteleza matopeni, nilivyoona kitu kinang'aa, nikaongeza na mbwa mmoja hivi aliyenibwekea. Doreen alimtazama Kiazi kwa lenzi yake muda mrefu. Halafu akanishika mkono, akanipeleka mpaka kule yanakotundikwa makoti.

Aliniambia polepole ili Kiingereza kinifikie. Kwamba miamba ya bonde lile ni mizee mno, imelala pale kabla konokono wa aina hii hawajakuwako duniani. Ni sawa na kusema umemkuta mjukuu ndani ya kaburi la babu wa babu yake. Kila mtu mle ukumbini anajua hilo, ila wamenionea haya kwa kuwa nimefiwa. Mimi nikaanza kucheka, kile kicheko changu cha kuziba. Yeye hakucheka. Akasema, "Rehema hakuacha jiwe hata moja bila jina la mahali alipolitoa. Alinifundisha mimi. Sasa wewe unataka aseme uongo?"

Nikamwambia yote pale kwenye makoti. Kibali, oveni, samaki, uraia. Nililia kwenye koti la mtu sijui la nani.

Hakunipa maneno matamu. Alisema yeye sheria haijui, hawezi kuniahidi kitu. Lakini alisema jiwe lisilo na mahali pake ni pambo la dirishani tu, na wewe hukuwa ukikusanya mapambo. Watu wa jumba la makumbusho kule nyumbani wangependa kumjua Kiazi, na kama tutawaandikia wenyewe kabla hawajatuuliza, ni afadhali kuliko kufukuliwa. Yuko tayari kuketi na mimi tuandike.

Nikampigia Salma. Nilidhani atanigombeza. Akaanza kucheka kwa sababu ya oveni, kisha akalia, kisha akasema tutamuuliza wakili kwanza, Baba, na usiguse friza tena. Kesho wanakuja wote wawili, Salma na Doreen.

Kwa hivyo leo ni siku ya mwisho ya mawe yako na mimi kuwa hapa peke yetu. Nimeyatoa yote, nimeyapanga mezani kwako. Na nitakuambia kitu ambacho sikumwambia Doreen wala mwanao. Siyo polisi tu. Nilikuwa nikificha, ndiyo, naogopa serikali mbili kwa pamoja, si mchezo, mtu wa kawaida huogopa moja. Lakini kila nilipoyabeba kwenda oveni nilikuwa nayahesabu, na nikiyahesabu nilikuwa na wewe. Yakienda, mezani pako patakuwa meza tu. Sijui mtu anaishije na meza. Hilo linanitisha kuliko pingu. Na kule kaburini kwako ni mbali, basi mbili, na nikifika sijui niseme nini kwa sababu hakuna wa kuniambia nyamaza.

Leo asubuhi nimejaribu mbele ya kioo yale nitakayowaambia. Mara ya kwanza nikajikuta nimeweka balozi ndani. Nikaanza upya. Mara ya pili sauti ikakatika kwenye jina lako. Nikaushika ukingo wa sinki kwa mkono huu uliobeba masufuria ya watu arobaini kwenye dhoruba, na haukumwaga mchuzi. Nikaanza tena.

Sijui hao wa makumbusho watajibu nini. Wanaweza kushukuru. Wanaweza kukasirika. Uraia unaweza kuchelewa ama kupotea, na wakili anaweza kusema tumefanya upumbavu. Sina hadithi ya kuziba shimo hilo. Uliolewa na mimi nikiwa na hadithi, sasa nimebaki na hii moja, na haina mbwa.

Nenda salama, Rehema wangu. Mwenyezi Mungu akufanyie wasaa huko, na mwanga, na watu wa kuongea nao wasiojisifu sana. Nakuahidi hili, na wewe unajua nimekuahidi mengi maishani nikatimiza kwa kuchelewa, ila hili sitachelewa nalo: wakiniuliza ni nani aliyeyaokota mawe haya na wapi, sitasema sijui, wala sitasema mtoni. Nitasema Rehema binti Khamisi, nyuma ya reli, Changamwe. Nitalisema taratibu, waandike herufi zote. Na kama nitakuwa naogopa, nitalisema huku naogopa.

Mumeo,
Mbwana