Salome wa Izia na Salome wa Kwenye Simu

Izia, Sumbawanga

Dada yangu Mwanaidi,

Shikamoo dada. Nakusalimu kutoka kwenye baridi ambayo wewe, mtu wa Muheza, huijui hata kwa kusimuliwa. Mguu wa shemeji umeshapoa? Na wanangu, wanakula vizuri, wanakwenda chuoni kusoma Kurani? Mimi mwilini sijambo, namshukuru Mungu. Midomo imenipasuka kwa upepo wa huku, lakini hiyo ni shida ndogo.

Uliponipigia ulisema, "Nimemwona Salome wako kwenye simu, amevaa gauni jeupe, anacheza. Kumbe mmesharudi Dar, hata kuniambia?" Nikakuambia nitakuandikia. Dada, wakati ule Salome alikuwa mbele yangu, namlisha uji wa ulezi kwa kijiko.

Unajua nimemsuka nywele tangu hajawa mtu wa filamu, kabla watu hawajaanza kumwita Malkia wa Machozi. Masika iliyopita aliamka hawezi kuinuka. Kiharusi. Mdomo umevutwa upande, mkono wa kulia umekufa, maneno hayatoki. Jicho moja linachuruzika machozi bila yeye kulia. Hospitali walipomruhusu, aliandika neno moja kwa mkono wa kushoto: MAMA. Ndiyo tukapanda basi mpaka hapa Izia, kwa mama yake, Bi Yustina, anayelima mahindi na ulezi pembeni ya mji.

Meneja wake alibaki Dar na simu ya kazi, yenye ukurasa wake wa mtandaoni. "Ukurasa haulali, Halima," aliniambia. "Ukilala kidogo tu watu wanahama, na tangazo la sabuni anapewa mwingine." Nilidhani ataweka picha za zamani.

Jioni moja tulikuwa uani tunapukuchua mahindi, Salome kwenye kiti amejifunika blanketi. Jirani yetu, Mama Deo, akaingia anacheka. "Bi Yustina, mwanao huyu hapa!" Akainua simu. Kwenye kioo Salome anatembea barazani, uso umenyooka, mkono wa kulia unapunga. "Habari zenu wapenzi wangu! Leo nimeamka na furaha, hata sijui kwa nini." Sauti ni yake, dada. Hata kile kicheko chake cha puani. Salome wetu akageuza shingo polepole, kama mtu aliyeitwa. Mama Deo akatazama simu, akamtazama yeye, kicheko kikamkauka. Aliondoka bila kuaga.

Mlinionya nisije Sumbawanga, mkasema nitarogwa. Tangu nifike nimeona watu wa kanisani na majembe yao, basi. Lakini baada ya siku ile majirani walianza kuulizana: kama Salome yuko Dar anacheza, huyu aliyemo ndani ni nani? Wana jumuiya yao ya kusali nyumba kwa nyumba. Zamu ilipofika kwetu, walisali wamesimama karibu na mlango. Hakuna aliyempa Salome mkono. Nikamsikia mwanamke mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Hiki ni kivuli chake tu."

Salome naye alisikia. Kesho yake alinivuta nguo, akaonyesha simu yangu, kisha uso wake. Nikamrekodi. Alihangaika sana mpaka maneno yakatoka: "Ni... mimi. Na... umwa." Nikaiweka video hiyo kwenye ukurasa wangu.

Dada, matusi tuliyoyapata! Waongo nyie. Mmemtengeneza kwa kompyuta. Mbona hata hafanani. Na kabla jua halijazama, ukurasa wake mwenyewe ukatoa video. Salome wa kule amekaa kwenye kochi, ana ile huzuni yake ya kwenye filamu. "Wapenzi wangu, kuna mtu anajifanya mimi. Anatumia ugonjwa kutafuta huruma. Msimwamini."

Salome wetu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akajigusa shavu, lile lisilo na hisia, akalibonyeza, akalibonyeza tena, kama anayebisha hodi aone kama mna mtu.

Bi Yustina akaniomba nimpigie meneja, nikaweka sauti ya nje.

"Mwanangu, huyo uliye naye huko anakula nini?"

"Hali kitu, mama. Ni kompyuta inamtengeneza. Tunafanya hivi kwa faida ya Salome."

"Na usiku analala wapi?"

"Mama, nimekuambia hayupo."

"Kama hayupo, mbona anamkana mwanangu, na nyie mnamsikiliza?"

Meneja akasema ataifuta ile video ya kumkana. Kweli aliifuta. Nyingine zote zipo.

Zamu ya kusali ilipofika kwa Mama Deo, Bi Yustina alimfunga mwanawe kitenge, tukamshika huku na huku mpaka pale. "Wasalimie," mama yake akamwambia. Salome akanyoosha mkono wa kushoto, ukabaki hewani. Mama Deo ndiye aliyeupokea kwanza. Akaukuta una joto. Akaushika kwa mikono yake miwili, akaanza kulia, na wengine wakafuata mmoja mmoja. Tangu hapo wanatuletea kuni na maharage, na hakuna anayeuliza tena huyu ni nani.

Ningependa niishie hapo. Lakini wiki hii ukurasa umetangaza, kwa sauti ile ile: "Krismasi hii nakwenda nyumbani Sumbawanga, kumwona mama yangu." Nampigia meneja, hapokei. Nikamweleza Bi Yustina kwamba ni maneno ya kompyuta tu. Alinisikiliza vizuri, akaitikia kwa kichwa.

Jana nimerudi kutoka sokoni nikamkuta ametoa godoro la chumba cha pili juani, shuka amezifua zipo kwenye kamba.

"Mama, unamwandalia nani?"

"Amesema anakuja."

"Lakini Salome yupo hapa."

"Najua. Huyu ni mtoto wangu. Yule ana sauti ya mtoto wangu, na amesema anakuja kwangu. Nitamfungulia, nimtazame."

Salome alikuwa kando, mto mapajani, anauvisha foronya kwa mkono mmoja.

Chumba hicho ndimo nilimokuwa nalala mimi. Sasa nimehamia kwa Salome. Kile kitanda kimetandikwa vizuri, na mlango Bi Yustina ameniambia tusiufunge, tuuegeshe tu.

Dada, nasikia ulimwandikia yule wa kwenye ukurasa, na ukajibiwa kwa jina lako. Usimwandikie tena.

Nisalimie shemeji, na mama mkwe wako, na mwalimu wa chuoni. Shemeji mwambie namwombea siha. Wanangu wabusu wote. Mkisoma dua mtajeni Salome, huyu wa hapa. Nimemsomea barua hii yote, hakunizuia popote. Anakusalimu.

Mdogo wako akupendaye,
Halima