Mstari wa Nne Begani kwa Rhys

Kaka, huwezi kuamini. Rhys kavunja mgomo wetu wa marubani leo, kaenda kazini. Rhys yuleyule aliyekuwa akituchomea soseji sisi wagomaji hapa getini, uwanja wa ndege wa Adelaide.

Bevan, mgomaji mwenzetu, alimshuku tangu juzi, maana simu hapokei. Leo akamzuia getini. "Unakwenda wapi, bwana?"

"Kirsty anaumwa figo, Bevan. Benki wanataka kutunyang'anya nyumba. Wewe ungefanyaje?"

Bevan akalainika, akasogea ampishe. Kirsty, mke wa Rhys, anaumwa kweli, sote tunajua.

Halafu akamtazama begani. Rhys ni rubani msaidizi, sare yake ina mistari mitatu. Leo, katikati ya mgomo, ina minne. Ya kapteni, kaka. Minne.

"Na huo wa nne," Bevan akamuuliza, "ni wa figo pia?"

Rhys akafunika bega kwa mkono, akaingia.