Nabwire, Jina Limebadilika, Wewe Hujabadilika

Mpwa wangu Nabwire,

Huko Kisumu najua simu unaziona na huzishiki, kwa hivyo nakuandikia kwenye kundi la familia la WhatsApp, ambapo hata shangazi yako atasoma. Asome.

Unakumbuka likizo zako hapa Malaba, kwenye kibanda changu cha kujazia madereva karatasi za forodha? Nilikuwa nasimulia madereva vile nilisukuma lori la saruji peke yangu, breki zimekufa, kutoka forodhani hadi steji. Wote waliamini. Wewe, mtoto wa darasa la tatu, ukasema bila kuinua kichwa, "Mjomba, jana lilikuwa la sukari." Walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Sikukasirika hata kidogo. Mpaka huu wote, hadi Busia, hakuna mwingine aliyewahi kunisikiliza hivyo.

Daktari alipokwambia una Asperger, jina nililitangaza Adungosi nzima kama cheo. Shangazi yako pia alilipenda, lilisikika la kizungu. Juzi ukaja nyumbani ukatuambia daktari mpya ameandika autism, yaani usonji, nyumba ikawaka. Eti ugonjwa umekomaa. Eti wakwe wako watarajiwa wa Butula waambiwe una malaria, ugeni wa mahari usogezwe mpaka maombi yafanye kazi. Ulisema mara moja tu, "Sijaugua. Jina ndilo limebadilishwa." Ukachukua begi, ukarudi Kisumu.

Mimi shule niliiachia darasa la saba, lakini nilikuelewa kabla hujafika barabarani. Zamani lori lilikaguliwa upande wa Kenya, likavuka, likakaguliwa tena Uganda. Siku hizi maofisa wote wako jengo moja. Sasa lori limegeuka nini? Na madaktari ni hivyo hivyo: wasiochelewa kuongea utotoni waliitwa Asperger, wengine wakaitwa autism, halafu wakaona mpaka wenyewe haushiki, wakaweka wote chini ya jina moja. Kuna anayehitaji msaada mwingi, kuna wa kidogo.

Nilimweleza shangazi yako. Akasema afadhali lile jina la kwanza, lilikuwa la watu wenye akili. Nikamuuliza: yule binti wa jirani asiyeongea, ambaye wewe hukaa naye kimya mchana mzima mkifurahi, akili yake nani ameipima? Akaenda kuanika nguo zilizokuwa zimekauka.

Basi nikapanda boda hadi Butula, nikamwambia baba ya mchumba wako ana kwa ana, Nabwire ana autism. Nilikuwa tayari kwa vita, na unajua kule Bungoma niliangusha wanaume watatu na mkono mmoja mfukoni. Mzee akaendelea kumenya muwa.

"Kijana alituambia tangu mwanzo," akasema. "Tulikuwa tunangoja nyinyi mseme."

Jumamosi wanakuja. Bila mjomba kufungua mdomo, mazungumzo ya mahari hayaanzi, na hilo hata shangazi yako hawezi kulipinga. Nimewaambia wote: hufichwi, huombewi upone, na jina utalitaja wewe mwenyewe mbele ya wageni. Usipokuwepo, nitakaa kwenye kiti changu bila kusema neno, asubuhi mpaka wageni waondoke. Wamenicheka, Nabwire. Wanadhani kunyamaza siwezi.

Kwa ajili yako, naweza.

Safiri salama uje.

Ndugu ya mama yako,
Malaba