Mtoto wa Jack

Jumanne, 3 Novemba 1987

Leo nimepata somo nikiwa na mwiko mkononi. Nilikuwa naponda viazi vya watoto wa shule, dirisha la jikoni liko wazi upande wa ukumbini, na mwalimu Ormerod anafundisha maana ya majina ya koo. Smith, mhunzi. Baker, mwoka mikate. Wilson, mwana wa Will. Jackson — mwana wa Jack! Zamani, anasema, jina halikurithiwa. Jack akizaa Tom, huyo ni Tom Jackson. Tom akizaa, mtoto anaitwa kwa Tom. Halafu majina yakaganda, kama mafuta ya kondoo kwenye sahani. Sasa Jackson wamejaa hadi Marekani. Huko wanaitwa hivyo hata kwa jina la kwanza, na miji pia.

Mtoto mmoja akauliza, na msichana je? Mwalimu akacheka. Naye ni Jackson, ulitaka aitwe nani?

Basi hawa Jackson wa shamba la juu ni wana wa Jack yupi? Hakuna amjuaye. Alishaoza karne na karne. Mimi Jack wangu namjua! Ndiye aliyenizaa, yuko hapo mlimani, shamba hilohilo, kiharusi kimemlaza mkono na mguu wa kushoto, na hapendi vitunguu.

Maisha yangu yote naitwa Glenda Pickles. Jina la mama. Sina ugomvi nalo. Lakini.

Jumatano, 4 Novemba

Nimemkuta Moira buchani. Ni mke wa Clifford, na Clifford ni mtoto wa Jack wa ndani ya ndoa. Kwa hiyo ni wifi yangu, atake asitake. Nikamuuliza mzee anaendeleaje. Mgonjwa anaonwa na familia tu, akasema. Nikamwambia vizuri, basi nitakuja.

Akacheka hadi muuza nyama akaacha kukata. “Pickles si achari? Kaa kwenye chupa yako, Glenda.”

“Achari haiozi, wifi. Kinachooza ni nyama.”

Muuza nyama hakufurahi.

Alhamisi, 5 Novemba

Moto mkubwa uwanjani, kama kila mwaka tarehe tano Novemba, kukumbuka njama ya zamani ya kulipua Bunge. Fataki, moshi, keki ya tangawizi inayong'ang'ania meno. Clifford akanifuata, ananuka bia na kondoo. Moira alishamfikishia maneno.

“Sikiliza, Glenda. Mama yangu aliishi na aibu hiyo hadi kaburini. Usimfufue.”

Nilitaka kunyamaza. Kweli. Sura yake ilikuwa ya mtoto aliyefiwa. Lakini mama yangu je? Aliosha sahani za kijiji hiki hadi vidole vikapasuka, na wao wakimnong'ona huku mdomo umejaa chakula. Jack akaleta bata bukini kila Krismasi, mlango wa nyuma, kofia mkononi. Hakutamka neno. Mama naye hakumdai neno. Nikamwambia Clifford: aibu hiyo mlijipikia wenyewe, mimi nilizaliwa tu.

Akakunja ngumi. “Jumapili jina la Wilfred likisomwa, natoka mimi. Mimi peke yangu. Usije ukajisahau.”

Jumapili ni siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani. Kasisi husoma majina kwenye mnara wa ukumbusho, na kila jina ndugu mmoja hutoka kuweka ua jekundu la karatasi. Wilfred Jackson alikuwa amu yake Jack, na miaka yote ametoka Jack. Mwaka huu hawezi.

Mimi sikuwa nimeliwaza hilo hata kidogo! Clifford mwenyewe ndiye kanionyesha njia. Bwege.

Ijumaa, 6 Novemba

Samaki shuleni. Chumvi nimezidisha. Hasira.

Jumamosi, 7 Novemba

Nimepanda mlima hadi shambani kwao. Clifford getini na mbwa wake. Mbwa hajui mambo ya koo, akanilamba mkono.

“Rudi ulikotoka.”

Sikumjibu. Niliangalia dirisha la chini, la chumba alicholazwa mzee, nikaita: “Baba!”

Mara ya kwanza maishani. Sauti ilitoka ikikwaruza, kama bawaba ya mlango usiofunguliwa.

“Nyamaza, atakusikia!” — Clifford, uso mweupe.

Atanisikia! Ndiyo anachoogopa. Nikaita tena, kwa nguvu zaidi. Pazia likatikisika. Labda ni Moira. Nikashuka mlima nikilia, na kamasi, na upepo unanipiga usoni. Silii kwa huzuni. Sijui.

Jumapili, 8 Novemba

Nimefanya.

Mvua nyembamba, kijiji kizima kimevaa makoti meusi. Kasisi akasoma: “Jackson, Wilfred.” Clifford akatoka. Nami nikatoka. Nilisikia watu wakivuta pumzi.

“Rudi nyuma,” ananiambia chini kwa chini, “unatufanya kichekesho mbele ya watu.”

“Jackson ni nani, Clifford? Si mtoto wa Jack?” Sikunong'ona. “Haya, mbele ya mnara huu niambie mimi ni mtoto wa nani.”

Akainamia ua lake la karatasi. Kijiji kizima kilikuwa kinamtazama yeye, si mimi! Nikaweka ua langu. Yeye naye akaweka lake. Bi Sugden, jirani yangu, akakohoa nyuma yangu: “Kulisema hilo kumechukua miaka mingi mno.” Kasisi akaendelea na jina linalofuata, kwa haraka.

Nimerudi, nimeweka birika jikoni.

Kuna gari nje. La Clifford. Amekuja kunitukana, sawa, na aje. Sitoki. Anapiga honi. Si honi ya hasira, ni fupifupi, kama mtu asiyejua afanye nini.

Nimechungulia. Clifford ameshika usukani, anatazama mbele. Pembeni yake yuko mzee, blanketi mabegani, anahangaika na mlango kwa mkono ule mzima. Clifford hamsaidii. Hamzuii pia. Mlango umefunguka. Mguu mmoja uko nje — hawezi kutembea! — anaita jina, silisikii vizuri kwa sababu ya mluzi wa birika. Natoka.