Jicho la Ansima

Papa Ansima,

Mutoto wetu anatembea sasa. Anagonga mulango upande wa kushoto, anakaa chini, anacheka, anasimama tena.

Nakuandikia kwa sababu ya lile swali lako. Muguu ulikuwa umevimba, vita imefunga njia zote za kukutafutia dawa, na wewe ukawa unaniuliza kitandani: "Ni nini hii inanifuata tangu utoto? Kwanza jicho, sasa muguu." Nilikupangusa jasho tu.

Siku ya ubatizo wa Ansima ulikuwa umeshatuacha. Mupiga picha alitupiga ndani ya kanisa, na alipoleta picha aliomba radhi: "Maman, flash imeharibu jicho moja la mutoto." Jicho la kuume lilikuwa jekundu kidogo, kama yetu sote. La kushoto lilikuwa jeupe. Ulishanisimulia kwamba mama yako aliona weupe kama huo ndani ya jicho lako, ukiwa ungali unanyonya.

Nilimubeba Ansima hadi Cimpunda kwa mama yako. Alitazama picha akalia, lakini habari ya munganga wa macho aliikataa kabisa.

"Mutoto wangu walimutoa jicho na bado amekufa. Kuna mutu alituloga. Usimupeleke."

Nikamwambia, "Maman, walimutoa jicho, akaishi. Akasoma, akawa mwalimu, akanioa. Bila ile operesheni, mimi na wewe tusingejuana."

Kesho yake asubuhi alifika kwetu na thermos ya uji. "Twende," akasema. "Lakini mimi ndiye nitamushika."

Njia ya gari ya Minova ilikuwa na mapigano, basi tukapanda boti ya ziwani hadi Goma, kwa munganga wa macho. Mama yako anaogopa maji, unajua. Alifumba macho safari nzima, mutoto kifuani.

Munganga alikuwa mwanamuke mupole. Alitueleza kwamba ndani ya seli za mwili kuna protini moja ambayo kazi yake ni kuzuia seli isigawanyike ovyo. "Iko kama mama anayeshika mukono wa mutoto kando ya barabara," alisema. "Anamwambia, 'Ngoja, bado.' Wakati ukifika, anaachilia." Maagizo ya kutengeneza ile protini tunayapata mara mbili, kwa papa na kwa maman, na yakiharibika ya upande mumoja, ya upande wa pili yanatosha. Wewe ulizaliwa na upande mumoja mubovu, ukamupa Ansima bila kujua. Ndani ya seli moja ya jicho lake, upande uliobaki nao ukaharibika, wenyewe tu. Seli ile ikakosa wa kuishika. Ikagawanyika, ikagawanyika, hadi ikawa kansa: ule weupe wa picha.

Nikamuuliza juu ya muguu wako. Akaweka kalamu chini.

"Ni jambo lile lile, maman. Linaweza kutokea ndani ya mufupa pia."

Mama yako akauliza, "Basi hakuna mutu aliyemuloga?"

"Hakuna, maman."

Tuliporudi Bukavu, mama yako alikwenda kumusalimu yule jirani ambaye yeye alikuwa anamushuku uchawi tangu ukiwa mutoto. Walikunywa chai pamoja.

Kule kule Goma walimutoa Ansima jicho la kushoto. Nilipomuona na ile bandeji... nilikutafuta, Papa Ansima. Niligeuka kabisa kukutafuta. Lakini jicho la kuume ni zima, na siku hizi natembea kushoto kwake, kama nilivyotembea kushoto kwako tukishuka kwenda soko, wewe ukisema, "Huko ni kwako, mimi sioni kitu."

Nakuahidi nitamupeleka kupimwa kila munganga akituita. Na akilalamika mufupa unauma, sitasema ni kukua tu.

Iko siku ataniuliza alipata nini kwako. Nitaanza na haya masikio makubwa, na namna yako ya kucheka kabla hadisi haijaisha. Halafu nitamwambia na lile lingine, bila kushusha sauti.

Pumzika, bwana yangu.

Maman Ansima